Kozi ya Mwaka Jana, Tarehe za Mwaka Huu

Muhula unapokaribia kuanza, wahadhiri wetu wa Bara na Visiwani huwa na kazi moja ambayo mwanafunzi haioni. Mhadhiri anaifungua kozi yake ya mtandaoni ya mwaka uliopita, anawatoa wanafunzi waliomaliza, anasogeza tarehe za kazi na majaribio, kisha anawafungulia wapya. Mihadhara ni ile ile na vitabu ni vile vile, ila maswali machache tu hubadilishwa. Hakuna ubaya hapo. Kozi nzuri hula miezi ya kuandika, kurekodi na kusahihisha, na kuitupa kila mwaka ili uanze upya ni kupoteza muda wa mwalimu na fedha za umma. Tatizo liko kwenye hilo neno dogo la kusogeza tarehe. Wengi hulichukulia kama kazi ya karani, ya dakika chache kabla ya kufunga kompyuta. Mimi nafanya kazi ya kuwasaidia wahadhiri kupanga kozi zao mtandaoni, na naamini hiyo ndiyo hatua inayoamua nani atafaulu na nani atabaki nyuma bila kosa lake.

Nitalieleza jambo hili kwa kumtazama mwanafunzi aliye Makoongwe. Makoongwe ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari ya Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba. Watu wake wengi wanaishi kwa bahari, na mwenye shughuli ya hospitali, benki au ofisi ya serikali hupanda chombo kwenda Mkoani. Tuchukue mwalimu wa skuli anayeishi pale na anasoma shahada ya ualimu kwa masafa. Mchana anafundisha, jioni ana watoto na shughuli za nyumbani, usiku anasoma kwa simu. Akitaka kompyuta na mashine ya kuchapa, anavuka. Sikumchagua kwa kumhurumia. Nimemchagua kwa sababu kozi iliyopangwa vizuri kwake itamfaa pia aliye Mbeya, Lamu au Kinondoni, lakini kozi iliyopangwa kwa aliye Kinondoni peke yake haitavuka mlango wa bahari wa Mkoani.

Elimu ya masafa si ngeni kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, na Pemba ni miongoni mwa sehemu ambako kina kituo. Wakati ule mwanafunzi alitegemea vitabu vya kozi, barua na safari ya kwenda kituoni. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001. Leo vyuo vyetu vingi, Chuo Kikuu Huria kikiwamo, vinaendesha kozi kwa Moodle, programu huria ya kusimamia masomo ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Agosti 2002. Aliyeibuni, Martin Dougiamas wa Australia, alikulia jangwani. Skuli yake ya utotoni ilikuwa redio ya masafa mafupi, na vitabu vililetwa kwa ndege. Kwa hiyo programu tunayoitumia ilitoka mikononi mwa mtu anayejua maana ya kusoma ukiwa mbali na darasa. Lakini programu haijui uko mbali na nini. Hilo lazima aliyeipanga kozi alijue.

Tuanze na mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana makosa mengi yanatoka hapo.

Moodle haihifadhi tarehe kama sisi tunavyoiandika. Inahifadhi idadi ya sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970. Unaposema kazi inafungwa Jumatano saa 10 jioni, ndani ya mfumo inaandikwa namba moja ndefu. Kozi nayo ina tarehe yake ya kuanza. Ukitumia amri ya kuiweka kozi upya na kuipa tarehe mpya ya kuanza, mfumo unatafuta tofauti kati ya mwanzo wa zamani na mwanzo mpya, kisha unaiongeza tofauti hiyo hiyo kwenye kila tarehe ya kozi: ya kufungua kazi, ya kuwasilisha, ya kufunga mapokezi, ya kufungua jaribio. Tofauti ikiwa siku 364, kila namba inaongezewa sekunde 31,449,600. Hakuna inayoachwa na hakuna inayofikiriwa.

Hapo pana mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu makini kabisa. Mhadhiri anaingia kwenye mipangilio ya kawaida ya kozi na kubadilisha tarehe ya kuanza kwa mkono, badala ya kupitia amri ya kuweka upya. Kozi ikiwa imepangwa kwa wiki, vichwa vya wiki vinabadilika palepale, kwa sababu hivyo huhesabiwa kutoka tarehe ya kuanza. Anaona wiki ya kwanza imeandikwa tarehe za mwaka huu, anaridhika. Lakini tarehe za kazi hazikuguswa, bado ni za mwaka jana. Baadaye akikumbuka na kutumia amri ya kuweka upya, mfumo unatazama mwanzo wa zamani na mwanzo mpya, unakuta ni tarehe ile ile, tofauti ni sifuri, na hausogezi chochote. Njia ya kutoka ni kurudisha kwanza tarehe ya kuanza ya zamani, kisha kuweka upya kwa utaratibu wake.

Mwanafunzi wa Makoongwe anakutana na kozi ya namna hiyo vipi? Anafungua simu, anatazama orodha ya kazi zijazo. Haimo hata moja, kwa sababu tarehe zote zimepita mwaka mmoja nyuma. Anajua hana deni. Wiki tatu baadaye anasikia kwa wenzake wa mjini kwamba kazi ya kwanza imeshasahihishwa. Wenzake walimwona mhadhiri ana kwa ana, wakaambiwa wapuuze tarehe iliyo mtandaoni. Yeye nani wa kumwambia?

Kuna pia tarehe ambazo mfumo hauzioni kabisa, nazo ni zile zilizoandikwa ndani ya maneno. Maelekezo ya kazi yanasema iletwe kabla ya Ijumaa tarehe fulani. Mwongozo wa kozi, ambao mwanafunzi ameupakua na kuuhifadhi kwenye simu ili asile bando kila siku, una jedwali la tarehe la mwaka jana. Katika video mhadhiri anasikika akisema tutaonana wiki ijayo baada ya Maulidi. Mashine haitagusa hata moja kati ya hizo. Ushauri wangu hapa ni mkali: tarehe iandikwe mahali pamoja tu, kwenye sehemu ya tarehe ya kazi yenyewe, na kwingine kote ziandikwe wiki: wiki ya 5, wiki ya 9. Video irekodiwe bila kutaja siku wala sikukuu. Utakayeishukuru kazi hiyo ni wewe mwenyewe mwakani.

Sasa tuchukulie mhadhiri amefanya yote sawasawa, ametumia amri sahihi na maandishi yameshasafishwa. Je, tarehe zake ziko salama? Hapana, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anifuate polepole.

Tutengeneze mfano. Kozi ilianza Jumatatu 6 Januari 2025, ikaenda wiki 15. Mwaka uliofuata inaanza Jumatatu 5 Januari 2026. Tofauti ni siku 364, yaani wiki 52 kamili. Mhadhiri amechagua vyema, kwa sababu idadi inayogawanyika kwa 7 haiifanyi kazi ya Jumatano iangukie Jumapili. Angetumia 365, kila kazi ingesogea siku moja ndani ya wiki, na ya Alhamisi ingefungwa Ijumaa wakati watu wako msikitini.

Katika kozi ya 2025 alikuwa mwangalifu. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, mapumziko ya kitaifa, na mwaka 2025 iliangukia Jumatatu. Basi kazi ya mwisho akaipangia Jumanne 8 Aprili, ili watu wapumzike na wapate siku moja ya kumalizia. Ongeza siku 364 kwenye tarehe hiyo. Unapata Jumanne 7 Aprili 2026. Ile hekima yake ya kukwepa sikukuu ndiyo iliyomtumbukiza kwenye sikukuu yenyewe. Na haikutokea kwa bahati mbaya. Ukisogeza wiki 52, siku ya juma inabaki ile ile lakini tarehe inarudi nyuma kwa moja, au kwa mbili pakiwa na 29 Februari katikati. Kwa hiyo kila kazi iliyowekwa siku moja baada ya sikukuu yenye tarehe maalumu, iwe Mapinduzi 12 Januari, Muungano 26 Aprili au Nyerere 14 Oktoba, mwakani, pasipokuwa na 29 Februari katikati, inatua juu ya sikukuu hiyo hiyo. Mhadhiri mwangalifu anaumia zaidi kuliko asiyejali.

Hizo ni sikukuu za kalenda ya jua. Pemba inaishi pia kwa mwezi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani. Katika mfano wetu, kazi ya pili ilikuwa ya Jumatano 26 Februari 2025, siku chache kabla ya mfungo. Ikisogezwa inakuwa 25 Februari 2026, ndani ya kumi la kwanza la Ramadhani. Jaribio la katikati ya muhula lilikuwa Alhamisi 20 Machi 2025. Linakuwa Alhamisi 19 Machi 2026, siku ambazo kisiwa kizima kinasubiri mwezi uandame. Mama wa nyumba ya Makoongwe siku hiyo yuko jikoni, nguo za watoto hazijakamilika, wageni wako njiani kutoka Unguja. Hakuna mtaala unaosema jaribio lifanywe siku hiyo. Ni hesabu tu iliyoachwa ifanye kazi bila mtu.

Sisemi Ramadhani isiwe na masomo. Watu wa Pemba wamekuwa wakisoma na kufunga tangu zamani, na wapo wanaosoma vizuri zaidi baada ya daku kuliko wakati mwingine wowote. Ninachosema ni kwamba mwalimu achague akijua. Kumi la mwisho na Sikukuu yenyewe yaachwe wazi, na kwa kuwa mwezi unaweza kuandama baada ya siku 29 au 30, uachwe upana wa siku mbili tatu kila upande badala ya kubahatisha siku moja. Anayepanga kozi ya kutumika miaka mingi akumbuke pia kwamba mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mihula yote miwili ya mwaka huo inaweza kuguswa.

Na mwezi hauishii kwenye ibada. Unaendesha maji. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu huja bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Wanaolima mwani, ambao wengi ni wanawake, kazi yao kubwa iko kwenye kupwa kwa bamvua, maana ndipo kamba zao zinapofikika kwa miguu. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wote. Mvuvi naye ana siku zake. Chombo cha kuvuka kinaondoka kulingana na maji, na maji yakitoka sana abiria wanatembea matopeni kukifuata. Mwanafunzi anayetegemea kuvuka ili akachape kazi na kuiwasilisha anaishi ndani ya ratiba hii, apende asipende.

Sasa tazama hesabu. Miandamo 12 ya mwezi ni siku 354 na ushei, wiki 52 ni siku 364. Tofauti yake inakaribia siku 10. Kutoka maji mafu hadi bamvua ni kama siku 7 na nusu. Kwa hiyo kazi iliyowekwa siku ya maji mafu mwaka huu, ukiisogeza wiki 52, inatua ndani ya bamvua. Katika mfano wetu kazi ya kwanza ilikuwa Jumatano 5 Februari 2025, mwezi ukiwa nusu. Mwaka uliofuata ni Jumatano 4 Februari 2026, siku mbili baada ya mwezi kupevuka. Siku ile ile ya juma, wiki ile ile ya kozi, kazi ile ile, na bahari tofauti kabisa. Wa mwaka wa kwanza walipata siku tulivu bila kuiomba. Wa mwaka wa pili hawakukosea lolote.

Najua mhadhiri wa Dar es Salaam atauliza kama anatakiwa sasa awe nahodha. Hatakiwi. Kuna njia rahisi zaidi nitakayoieleza punde. Kwanza tumalize habari ya saa.

Mazoea yaliyoenea ni kufunga kazi saa 5:59 usiku. Siyapendi. Saa hiyo hakuna mtu ofisini wa kujibu simu. Darasa zima linapakia faili dakika ya mwisho na seva inaelemewa. Mwenye simu moja ya familia anaipata watu wakishalala, na chaji imekwisha. Vyombo vimelala ufukweni. Mwanafunzi akishindwa saa 5:50, hana wa kumwambia hadi asubuhi, na asubuhi mfumo umeshamwandika mchelewaji. Saa 10 jioni ya siku ya kazi ni bora mara nyingi: kuna mwanga, kuna mtandao wa ofisi na vibanda vya mjini, kuna mtu wa kitengo cha kompyuta aliye macho, na aliyevuka Mkoani anaweza kumaliza na kurudi kwake kabla ya giza.

Mbaya zaidi ya 5:59 usiku ni sifuri sifuri. Mfumo unahesabu siku kwa saa 24, na 00:00 ya Ijumaa ni pale Alhamisi inapoisha, si Ijumaa inapoisha. Mwanafunzi anayeona neno Ijumaa anajua ana Ijumaa nzima. Ongeza hapo kwamba kwa hesabu ya wazee wetu usiku hutangulia mchana wake, hivyo usiku wa Ijumaa kwa mtu mmoja ni Alhamisi baada ya magharibi na kwa mwingine ni Ijumaa yenyewe. Mkanganyiko wote huo unaondoka kwa kuandika saa 10 jioni.

Kwa wanaosoma kozi zinazoendeshwa kutoka Ulaya, na wapo Pemba wanaofanya hivyo, kuna jambo lingine. Afrika Mashariki haibadilishi saa. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kazi inayofungwa saa 5:59 usiku wa London inafungwa saa 8:59 usiku wa Pemba wakati wa baridi yao, na saa 7:59 usiku wakati wa kiangazi chao. Kozi ikihamishwa kutoka muhula wa Oktoba kwenda wa Machi, saa ya kufunga inaweza kusogea kwa saa moja nzima, kwa sababu mashine inaongeza sekunde tu na haijui saa za ukutani zimebadilishwa. Muhimu ni kuangalia mtumiaji amewekewa majira gani ya saa kwenye wasifu wake. Mwanafunzi wa Pemba anapaswa kuwa na ya Dar es Salaam, na kuirekebisha ni kazi ya mara moja.

Nilisema kuna njia rahisi. Ni kutumia vizuri tarehe mbili ambazo Moodle inazitofautisha na wahadhiri wengi wanazifanya moja. Ya kwanza ni tarehe ya kuwasilisha. Ikipita, kazi bado inapokelewa ila inawekewa alama kwamba imechelewa. Ya pili ni tarehe ya kufunga mapokezi. Ikipita, mlango umefungwa. Ukiziweka siku moja, saa moja, umemnyima mwanafunzi nafasi ya kupambana na jambo lolote nje ya uwezo wake. Ukiacha siku 4 au 5 katikati, na ukatangaza kwamba ndani ya siku hizo hakuna alama inayokatwa, umewachukua kwa pamoja waliokwama na bamvua, na umeme na upepo wa kusi, bila kumtaka kila mmoja alete cheti. Nahodha hahitajiki. Unahitajika upana.

Na upana huo si wa Makoongwe peke yake. Jumapili 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa pamoja pwani ya kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na kazi ya kufungwa Jumapili ile usiku alikwama hata kama anaishi ghorofa ya Posta. Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa ajili ya korona hadi 1 Juni, na kozi zenye tarehe ngumu zikavurugika. Intaneti ilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa kuanzia siku ya Uchaguzi Mkuu, 29 Oktoba 2025. Matukio ya namna hiyo hayawezi kuandikwa kwenye kalenda mapema, lakini kozi yenye nafasi kati ya tarehe zake mbili inayahimili vizuri kuliko isiyo nayo.

Kuna mabaki pia ya kuangaliwa. Mwaka jana mhadhiri aliwapa muda wa ziada wanafunzi fulani, au kundi fulani. Mfumo unaweza kubaki na ruhusa ya kundi hilo, na wa mwaka huu watakaoingizwa humo wakarithi tarehe tofauti na darasa zima. Amri ya kuweka upya ina visanduku vya kufuta ruhusa hizo. Vitiwe tiki. Muda wa ziada wa mtu mmoja ninauunga mkono kwa ugonjwa na msiba. Siuungi mkono kama dawa ya jiografia: kumfanya mtu wa kisiwani aombe kila mara kile ambacho kingepangwa kwa wote ni kumweka kwenye foleni ya fadhila.

Mifumo mingine ina tabia zake. Canvas, wakati wa kuleta kozi ya zamani, hukuuliza mwanzo na mwisho wa zamani na mpya, na hukuruhusu kuhamisha siku ya juma, mathalani yote ya Jumatatu yawe ya Jumanne. Google Classroom ukinakili darasa, kazi zinakuja kama rasimu na unazipangia tarehe wewe mwenyewe, moja baada ya nyingine. Wengi wanalalamikia kazi hiyo ya ziada. Mimi naona ina faida yake, maana inamlazimisha mwalimu aitazame kila tarehe.

Kwa watumiaji wa Moodle, kile kinachokosekana kimeshatengenezwa. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilitoa nyongeza ya bure inayoleta tarehe zote za kozi kwenye ukurasa mmoja, ambapo unazisoma na kuzirekebisha bila kufungua kazi moja moja. Kitengo cha kompyuta cha chuo kinaweza kuiweka. Ukiwa nayo, kazi yote niliyoieleza inafanyika kwa kikao kimoja: weka upya kozi kwa idadi ya wiki kamili, fungua ukurasa wa tarehe, na pembeni weka kalenda ya chuo, ya sikukuu za serikali, ya Hijria, na kama una wanafunzi wa visiwani, jedwali la kujaa na kupwa. Soma kila tarehe kwa sauti pamoja na siku yake. Kisha jigeuze mwanafunzi, maana mfumo una kitufe cha kuitazama kozi kwa macho yake, na uangalie kwenye simu, si kwenye kompyuta.

Baada ya hapo watumie wawakilishi wa darasa orodha, wiki mbili kabla ya muhula, na uwaulize wapi pana tatizo. Mwalimu wa Makoongwe atakujibu kwa ujumbe mmoja wa simu jambo ambalo hakuna mashine inayolijua.

Wahadhiri wenzangu mnaofungua kozi muhula huu: kabla hamjawaingiza wanafunzi, tengeni nafasi ya kuzisoma tarehe zenu zote, na kati ya kuwasilisha na kufunga mapokezi wekeni siku zisizopungua 4. Wakuu wa vitengo vya kompyuta, wekeni ile nyongeza ya tarehe kwenye mifumo yenu. Na wewe unayesoma kwa simu kisiwani, ukiona tarehe ya mwaka jana kwenye kozi yako, usinyamaze. Mwandikie mhadhiri siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na picha ya skrini uiambatanishe.